Mechi inayosubiri maji yajae: Rufiji, misimu, na vifo vya michezo ya shule

Najua nimepotea, kazi ya gazeti ikibana inabana kweli kweli. Leo sina siasa wala umbea wa mjini. Nina jambo limenikaa kichwani tangu nilipotoka Kibiti, na nimeona bora niliandike kabla halijapoa.

Nilikuwa kwenye diko moja ndani ya delta ya Rufiji nasubiri usafiri. Stori iliyonipeleka ilikuwa nyingine kabisa. Wakafika wanafunzi kama kumi na tano na mwalimu wao. Jezi wamevaa tayari, viatu wamening'iniza shingoni, mpira uko kwenye wavu. Wanakwenda kwenye mechi ya kuchagua timu ya kata. Nikamuuliza mwalimu, mechi saa ngapi? Akanijibu kwamba ratiba inasema saa nne asubuhi, lakini maji yatajaa saa tano na kitu, kwa hiyo mechi itaanza maji yakishajaa. Hakuwa anatania. Ukaja mtumbwi wa mashine, wakapanda wote, pamoja na magunia mawili ya mtu mwingine. Nikatafuta kwa macho jaketi za kujiokolea, sikuona hata moja. Upande wa magharibi kulikuwa na wingu zito jeusi. Nilisimama pale mpaka mlio wa mashine ukapotelea kwenye mikoko.

Walifika salama, na jioni wakarudi salama. Nilipiga simu kuuliza. Kwa maana hiyo hakuna habari hapo, maana sisi waandishi huwa tunaanza kuandika siku ambayo watoto hawakurudi. Tena siku hiyo tunaandika mistari sita: idadi ya waliokufa, jina la kamanda wa polisi, na rambirambi. Mwezi gani, upepo gani, mto ulikuwa umejaa kiasi gani, hayo hatuandiki. Ndiyo maana tukio linalofanana na lile linakuja mwaka mwingine na sisi tunaliita ajali mpya.

Hoja yangu ya leo ni fupi. Hatari kubwa inayomfuata mwanafunzi mwanamichezo katika nchi yetu inakuja na msimu. Na kwa kuwa misimu tunaijua tangu enzi za mababu, vifo vingi vya namna hii si bahati mbaya tupu. Ni kalenda mbaya. Rufiji ni mahali pazuri pa kuliona hilo, kwa sababu watu wa Rufiji walikuwa na kalenda yao kabla shule haijawaletea nyingine.

Kalenda ya kwanza

Kwa vijana wengi wa Dar, Kibiti ni kituo cha kuchimba dawa kwenye safari ya kwenda Lindi na Mtwara, kama kilomita 140 hivi kutoka mjini, au ni jina walilolisikia kwenye habari za mauaji ya mwaka 2017. Ukiacha lami na kuelekea mashariki unaingia dunia nyingine. Delta ya Rufiji ina msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Kata kama Salale, Maparoni, Kiongoroni, Msala na Mbuchi zimekaa humo, zimegawanywa na mito na vijito. Kutoka kijiji hadi kijiji barabara ni maji.

Maji hayo yana mabwana wawili. Wa kwanza ni bahari. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, tofauti ya maji kujaa na kupwa inazidi mita 3. Njia uliyopita asubuhi na mtumbwi, mchana ni tope tupu. Wazee wanahesabu kwa mwezi na hawakosei. Hata manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, haikuweza kudharau hesabu hiyo, na Waingereza walioifuata Julai 1915 walingoja maji yajae ndipo wakavuka fungu la mchanga kwenye mlango wa mto.

Bwana wa pili ni mto wenyewe. Bonde la Rufiji linakusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote yanamwaga huku. Maana yake ni kwamba mto unaweza kufurika Rufiji wakati juu ya kichwa chako kuna jua kali, kwa sababu mvua imenyesha siku nyingi zilizopita Njombe au Mahenge. Mgeni anaangalia mbingu, mwenyeji anaangalia mto.

Kutokana na mabwana hao wawili watu walijipangia mwaka wao. Kaskazi na joto lake. Masika ya Machi hadi Mei, mto unapopanda na kumwagika bondeni. Kusi, upepo wa baridi na mkali wa katikati ya mwaka. Kisha demani, wakati kusi imechoka na bahari imetulia, kabla ya vuli. Maji yalipopungua bondeni watu walilima mlau kwenye udongo uliobaki na unyevu. Shambani walijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, wakalala humo kulinda mazao, mafuriko yakija chini wao wako juu.

Serikali iliiona kalenda hiyo kama tatizo. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, wakazi wa bondeni walihamishiwa kwenye vijiji vya maeneo ya juu, miaka kadhaa kabla nchi nzima haijaingia kwenye operesheni za vijiji. Msomi wa Kinorwe Kjell Havnevik ameandika kwa kirefu habari za Rufiji katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu maendeleo yanayoamriwa kutoka juu. Zilikuwepo sababu za kweli za kuwahamisha watu: usalama, shule, zahanati, maji. Lakini mashamba yalibaki bondeni, na watu wakaendelea kushuka kwenda madunguni kila mwaka, watoto wakiwa pamoja nao, viti vya darasani vikibaki vitupu. Kuanzia hapo Rufiji ikawa na kalenda mbili, ya mto na ya shule, na hazijawahi kukaa mezani zikaongea.

Kalenda ya pili

Sasa tuje kwenye michezo. Kila aliyesoma shule za Tanzania anaijua UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano hayo yalisimamishwa, na yakarejea chini ya serikali ya awamu ya nne. Mjadala wa wakati ule wengi tunaukumbuka kwa kusimuliwa na kaka zetu: michezo dhidi ya masomo. Nani anafeli kwa sababu ya mpira, nani amepata ajira kwa sababu ya mpira. Usalama wa njiani haukuwa hoja kubwa upande wowote.

Fainali za kitaifa kwa kawaida zinafanyika Juni, wakati mwingine zinasogea hadi Julai au Agosti. Mtwara walizipata 2021, Tabora miaka iliyofuata, Iringa 2025. Juni ni uamuzi mzuri kwa nchi nyingi ya bara. Mvua imeisha, viwanja vimekauka, jua ni la upole, shule ziko likizo. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Lakini hebu hesabu kurudi nyuma. Ili timu ya mkoa iwe tayari Juni, wilaya ichague Mei. Ili wilaya ichague Mei, kata zicheze Aprili. Ili kata zicheze Aprili, shule zichague kabla ya hapo. Umeona? Fainali zenye picha kwenye magazeti zinachezwa kiangazi, lakini mechi ndogo ndogo, zinazokusanya watoto wengi kuliko zote, zisizo na daktari wala kamera, zinaangukia katikati ya masika. Kwa mtoto wa Dodoma hiyo ni usumbufu wa uwanja wenye utelezi. Kwa mtoto wa delta hiyo ni safari ya mtumbwi katika mwezi ambao mto uko juu kuliko miezi yote.

Saa kumi jioni

Ukiacha mwezi, kuna saa. Sote tumekua tukijua mechi ni saa kumi jioni. Ni saa ya busara, jua limelegea na watu wametoka kazini. Lakini sehemu kubwa ya bara letu, hiyo ndiyo saa ambayo mawingu yaliyopikwa na joto la mchana yanakuwa yameiva. Eneo la Ziwa Victoria na mashariki ya Congo ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa na radi nyingi kuliko yote duniani. Pwani yetu haifikii huko, ila masika na vuli radi haikosi.

Oktoba 1998, shirika la habari la Congo liliripoti kwamba radi imepiga uwanja wa mpira huko Kasai wakati mechi ikiwa sare ya bao 1 kwa 1. Wachezaji 11 wa timu moja walikufa, wale wa timu ya pili wakatoka salama. Nchi ilikuwa vitani na ilikuwa vigumu kwa waandishi wa nje kwenda kuthibitisha. Dunia ilichokumbuka kwenye habari ile ni uchawi. Nani kamroga nani. Ilizunguka magazeti ya ulaya kama kichekesho. Hata hapa kwetu ukisimulia leo, mtu wa kwanza atauliza timu iliyosalimika ilikuwa na mganga gani. Kwamba ilikuwa ni Oktoba, msimu wa mvua kule, hilo halimo kwenye simulizi.

Mwaka 2011, Juni 28, radi ilipiga shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo nchini Uganda, ikaua watoto 18. Oktoba 2018 wanafunzi sita walikufa kwa radi shuleni mkoani Geita, nao walikuwa darasani, si uwanjani. Agosti 2020 huko Arua, kaskazini magharibi ya Uganda, watoto walikuwa wanacheza mpira, mvua ikaanza, wakakimbilia kwenye kibanda cha nyasi kujikinga. Radi ikapiga kibanda. Watoto kumi walikufa.

Tafadhali lisome tena tukio la Arua. Watoto wale hawakuwa wakaidi. Walifanya kile ambacho mama yeyote angewaambia, mvua ikija ingieni ndani. Tatizo ni kwamba kibanda cha nyasi kinazuia mvua, radi hakiizuii. Wala mti hauzuii. Darasa lisilo na waya wa kupeleka radi ardhini nalo si kinga ya uhakika. Radi ikifika chini inasambaa ardhini, ndiyo maana inaweza kuangusha kundi zima lililosimama pamoja bila kumgusa kila mmoja moja kwa moja. Mahali salama ni jengo kubwa lililofungwa kinga, au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, vioo vimepandishwa. Na ukishasikia ngurumo ujue radi imeshakufikia, usingoje tone la kwanza. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 ndipo urudi uwanjani. Hiyo ndiyo kanuni inayotumika kwenye michezo sehemu nyingi duniani, na haigharimu shilingi.

Uganda hawakuishia kulia. Mjini Kampala kuna mtandao wa Kiafrika wa wataalamu wa radi, ACLENet, ulioanzishwa 2014, na umekuwa ukifunga kinga za radi kwenye shule. Msiba uligeuka kuwa kazi. Sisi baada ya Geita tulifanya nini? Naacha swali hapo.

Kiangazi nacho kina lake

Kuna msomaji anasema, basi hamishia kila kitu Juni na Julai, kwisha kazi. Ngoja kwanza. Juni na Julai ndiyo kilele cha kusi. Nchi kavu kunapendeza, lakini baharini kusi hainaga mchezo. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea Dar kwenda Zanzibar, katika upepo mkali. Ile ilikuwa meli, wadau, si mtumbwi. Kibiti na Mafia wametenganishwa na bahari hiyo hiyo, na timu ya Mafia ikitaka kucheza ngazi ya mkoa wa Pwani lazima ivuke, kwa kawaida kupitia Nyamisati. Kwa hiyo mwezi ulio bora kwa uwanja ni mwezi mbaya kwa njia.

Na upepo si kila kitu. Siku ya Krismasi ya 2016, boti iliyobeba timu ya mpira ya kijiji na mashabiki wake ilipinduka Ziwa Albert nchini Uganda. Walikuwa wapatao 45, wakienda kucheza mechi ya kirafiki, wakiimba na kupuliza mavuvuzela. Waliookolewa ni kama 15 tu. Hapo hatuwezi kusingizia msimu. Ni uzito, ni furaha ya vijana upande mmoja wa boti, ni kukosa jaketi. Nalitaja kwa makusudi, ili nisije nikaonekana namtupia Mungu mzigo wa hali ya hewa. Msimu unaongeza hatari iliyokuwepo. Boti iliyojaa kupita kiasi inaweza kuvuka mara mia katika maji matulivu, na watu wakaamini iko sawa, mpaka siku ya upepo.

Barabarani ni vivyo hivyo. Mei 6, 2017, asubuhi ya mvua, basi la wanafunzi wa shule ya msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine. Haikuwa michezo, lakini herufi ya T kwenye UMITASHUMTA ni taaluma, na safari ni ile ile: watoto wa shule, mashindano, masika, barabara ya mteremko. Msiba ule uliliza taifa zima. Mjadala uliofuata ulihusu ukaguzi wa magari na idadi ya abiria, mambo ya kweli kabisa. Kwamba ulikuwa ni mwezi wa Mei halikuwa swali la mtu.

Kisha joto. Kaskazi ya Januari na Februari, Kibiti mchana ni zaidi ya nyuzi 30 na unyevu hewani unakufanya utoke jasho ukiwa umekaa. Jasho lisipokauka mwili haupoi. Wamarekani wamekuwa wakihesabu vifo vya futiboli yao tangu 1931, na hesabu hiyo ndiyo iliyowaonyesha kwamba vifo vya joto vinajikusanya Agosti, katika wiki za kwanza za mazoezi, mwili ukiwa bado haujazoea. Agosti 1, 2001 alikufa Korey Stringer wa Minnesota Vikings, mtu mzima wa miaka 27, mwenye madaktari pembeni. Jeshi lao la wanamaji lilianza kupima joto, unyevu na jua kwa pamoja katika kambi ya Parris Island tangu miaka ya 1950, na mazoezi yanasimamishwa kipimo kikifika mahali fulani. Sisi tulikuwa na akili kama hiyo bila kipimo. Mchakamchaka ulikimbiwa alfajiri, jua halijatoka. Aliyeupanga hakuwa mjinga. Lakini bonanza la shule la Februari linaanza saa tano asubuhi kwa sababu mgeni rasmi kachelewa, na watoto wamepangwa mstari juani wakimsubiri. Hapo busara ya mchakamchaka imekwenda wapi?

Mwaka 2024

Kama kuna mwaka uliotupa somo ni 2024. Masika ya mwaka ule yalikuja juu ya El Niño. Aprili 25 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 nchini. Rufiji na Kibiti maji yaliingia vijijini, mashambani, kwenye nyumba na kwenye shule. Watu walibishana sana kuhusu bwawa la Julius Nyerere lililoko juu ya mto, kama limezuia maji au limeyaongeza. Sitaingia huko leo. Ninachotaka ukione ni tarehe. Maji yalikuwa juu mwezi ule ule ambao, mwaka wa kawaida, watoto wa kata wangekuwa wanavuka kwenda kuchaguliwa.

Haikuishia hapo. Mei 4 kimbunga Hidaya kikafika upande wa Mafia. Vimbunga kutufikia ni nadra, wazee wa kusini bado wanasimulia kile cha Lindi cha mwaka 1952. Safari hii Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, siku kadhaa kabla, na watu walisikia. Mvua zake zilikata barabara kuu ya kusini pale Somanga, wilayani Kilwa, magari yakalala njiani. Lakini taarifa ilifika kabla ya upepo, na hilo ni jambo kubwa. Maana yake uwezo wa kujua tunao. Mamlaka inatoa utabiri wa msimu kabla ya masika, na angalizo la siku tano kwa rangi, njano, chungwa na nyekundu. Swali ni kama ratiba ya michezo ya kata imewahi kuwekwa pembeni ya karatasi ile.

Simba tuliwahesabu

Kuna jambo moja la Rufiji linanipa moyo. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika eneo hili, mpaka simba mmoja alipouawa Aprili 2004 akakutwa na jino bovu lenye usaha. Watu walikuwa wanasema ni simba wa kutumwa. Wakati huo huo wataalamu, akiwemo Craig Packer, walikuwa wanakusanya kumbukumbu za wilaya mbalimbali nchini. Mwaka 2005 wakaandika kwamba tangu 1990 simba wameua Watanzania zaidi ya 560, na kwamba mashambulizi yanapanda msimu wa mavuno, watu wanapolala mashambani kuwafukuza nguruwe pori, na simba wakiwafuata nguruwe. Hatari iliyoitwa uchawi ikapata mwezi, mahali na sababu. Baada ya hapo unaweza kupanga.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa watoto wa michezo. Tuwahesabu. Kila afisa michezo wa wilaya aandike: tarehe, saa, hali ya hewa, mto au bahari ilikuwaje, walisafiri na nini, wangapi. Si waliokufa tu, hata walioponea chupuchupu. Miaka mitano ya daftari kama hilo ingetufundisha kuliko rambirambi za miaka hamsini.

Na kwa delta nina pendekezo moja ambalo si la kwangu, ni la kalenda ya wazee. Upo wakati ambao mto umeshuka, mvua za vuli hazijaanza, joto halijapanda na bahari imetulia. Wakati huo una jina, demani, kati ya mwishoni mwa Agosti na Oktoba. Kwa nini kata za delta na Mafia zisichague timu zao wakati wa demani, mwaka mmoja kabla? Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba na kuondoka, kwa hiyo wachezwe wa darasa la tano na la sita, ambao Juni inayofuata bado watakuwa shuleni. Sekondari nao wawaache kidato cha nne wajiandae na mtihani wao wa Novemba, wachague waliobaki. Haihitaji bajeti mpya. Inahitaji mtu aliyeko ofisini akubali kwamba Kibiti si Dodoma.

Mtaniambia ratiba ya taifa haiwezi kubadilishwa kwa ajili ya kata tano. Lakini Rufiji hii hii, yenye Waislamu wengi, kila mwaka mwezi wa Ramadhani walimu wanasogeza saa za mazoezi, na hakuna aliyekufa kwa kusogeza ratiba. Tunajua kupanga kwa mwezi tukitaka.

Yule mwalimu wa dikoni sikumwambia haya yote. Nilikuwa sijayafikiri bado. Nilimwuliza tu, mwalimu, huogopi? Akacheka, akasema watoto wa huku wanajua maji. Ni kweli wanajua. Ila siku ile hawakuchagua wao kusafiri Aprili. Ratiba iliandikwa mahali ambako maji hayajai wala kupwa, na wao wakaitii.

Nawasilisha. Wenye uzoefu, hasa walimu wa michezo na wenyeji wa Mafia, Kilwa na visiwani, semeni mlivyoyaona. Kama nimekosea mahali nirekebisheni, mimi ni mwanafunzi bado.